Gari Lililozimika Likiwa Limejaa Petroli

Mke wangu aliniuliza swali lile mara moja tu, siku ya nne baada ya kumzika mtoto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mgongo ukiwa ukutani, akaitazama mikono yangu badala ya uso.

"Baba, gari lilizimika kwa nini?"

Nikamjibu kwamba sijui.

"Basi tafuta," akasema.

Nikatoka nje nikafungua boneti.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita, wakati petroli ilipatikana kwa kibali na sabuni kwa bahati. Tuliishi juu, upande wa Oldeani, shamba letu likipakana na msitu wa Ngorongoro. Nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi miaka sita nyuma, nikawa mkulima wa ngano na maharage. Landrova niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anaacha shamba lake. Ilikuwa ya petroli, yenye turubai nyuma, na ndiyo iliyotupeleka kanisani, mashineni, sokoni Karatu, na shuleni kwa binti zetu wawili waliokuwa bweni. Pamoja na gari, Mzungu yule alinipa kitabu cha matengenezo cha Kiingereza kisicho na jalada. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila jioni kabla ya chakula, kwa miaka miwili. Ufundi sikusomea popote. Nilichokuwa nacho ni tabia ya kuandika kila kitu, na ya kutofungua nati ya pili kabla sijajua ya kwanza ilikuwa inashika nini.

Siku yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Ilikuwa mimba ya tatu. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, tusijaribu kuzalia nyumbani. Nilijiandaa. Nilikusanya petroli ya vibali viwili nikajaza tenki hadi mdomoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu, maana siku zote tulitembea na galoni mbili tatu tu. Uchungu ulianza alfajiri, kukiwa na mvua na baridi. Kutoka kwetu hadi Karatu ni mteremko karibu njia nzima. Kilomita ya nane injini ilikohoa mara tatu, ikazima. Nilijaribu kuiwasha, ikakataa. Baada ya dakika ishirini ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Kilomita tano mbele ikazima tena, na safari hiyo tulikaa dakika thelathini na tano. Mke wangu alikuwa amelala nyuma juu ya godoro, ameshika bomba la turubai kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Mtoto, wa kiume, alitoka pale pale kando ya barabara, miguu kwanza, na kichwa kikachelewa. Mimi ndiye niliyempokea. Nilijua la kufanya kwa kadiri ya kitabu kingine nilichokuwa nacho. Nililifanya na halikusaidia. Kisha gari likawaka.

Hospitalini walimhudumia mama vizuri, wakamlaza. Muuguzi aliniambia kwamba kama tungefika nusu saa mapema huenda wangemwokoa mtoto. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu nilimuuliza. Kabla sijaondoka, gari la wagonjwa lilikuwa limekauka petroli na kulikuwa na mtu wa kufuatwa Baray. Waliniomba, nikawanyonyea debe zima kwa mpira. Nikarudi juu na mtoto aliyefungwa khanga, na gari likapanda mlima wote bila kukohoa. Siku ya tatu nilishuka kumchukua mke wangu. Halikuzima kushuka wala kupanda.

Kwetu sisi Wairaqw, nyumba iliyofikiwa na kifo cha namna hiyo hutengwa. Wazee huita hali hiyo metimani. Hamuingii kwa mtu, wala mtu haingii kwenu. Hamuombi moto. Ng'ombe wenu hunywa maji wengine wakishaondoka, na mkikutana na mtu njiani, mmoja huenda kando. Katekista alihubiri dhidi ya jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka waumini waliitikia amina, kisha wakaenda nyumbani wakalishika. Sikuwakasirikia. Ningekuwa upande wao, ningefanya vilevile.

Ila kulikuwa na neno juu ya neno. Mwezi mmoja kabla ya kujifungua, mke wangu alikuwa ameingia katika nyumba ya jirani aliyetengwa baada ya kupoteza mtoto. Alimpelekea unga, akakaa naye, akanywa chai. Alisema yeye ni Mkristo na chai ni chai. Mama yangu mzazi, aliyekaa kwa kaka yangu ng'ambo ya bonde, alipopata habari za barabarani alizipanga upya kwa njia yake: mkwe wake aliibeba ile hali kutoka nyumba ya watu, akaingia nayo garini, gari likakataa. Alipotua mzigo likatembea. Maneno hayo yalivuka bonde na kutufikia kabla hata ya wiki kwisha. Hayakuhitaji mtu wa kuingia ndani ili yafike.

Nilimwona mke wangu akiyapima. Kitu kibaya ni kwamba yalilingana na yaliyotokea. Gari halikuwahi kuzima kabla, na halikuzima baada. Lilizima siku moja tu, yeye akiwa ndani, na tumbo. Alianza kuweka kikombe chake peke yake, mbali na vyangu.

Kwa hiyo swali lake halikuwa la ufundi. Alitaka kujua kama ni yeye.

Nilianza kwa fundi wa Karatu. Huyu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mdogo wangu kwa miaka kumi, mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Aliponiona nakata kona kuingia uani kwake alitoka mbio na spana mkononi, akasimama mbele ya gari.

"Mwalimu, shikamoo. Hapo hapo, usisogee."

"Marahaba. Umesikia?"

"Karatu nzima imesikia. Pole sana, mwalimu. Lakini gari usiliingize. Si mimi, kwetu hatuna hayo. Ila mteja wangu wa trekta akiliona humu, mimi na wewe tutabaki kutengenezana wenyewe."

"Sijaingia."

"Ndiyo nakushukuru." Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya mtaro, mimi nikabaki kwenye usukani. "Haya, linafanyaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akijifuta mikono, kisha akainua kidole kimoja kimoja. "Plagi umeangalia? Platini? Koili ikipata moto huzima, ikipoa huwaka. Halafu kuna petroli yenyewe. Petroli ya siku hizi, mwalimu, nusu mafuta ya taa, nusu maji ya ubatizo."

Alinirushia platini zilizotumika, vile vichuma vinavyokata umeme wa cheche, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Zilianguka kwenye nyasi karibu na tairi, nikashuka nikaziokota. Hatukupeana mikono.

Injini ya petroli inataka vitu viwili ili iendelee kuzunguka, cheche na mafuta yaliyochanganyika na hewa. Ikizima, kimoja hakipo. Hilo ndilo jambo la kwanza kitabu kilisema, na nililiamini. Tatizo langu lilikuwa kwamba ushahidi ulikuwa umepita. Siku ile barabarani sikuangalia cheche, sikuangalia mafuta. Nilikuwa nyuma, kwa mke wangu. Nilichoweza kufanya ni kutengeneza kila kitu kilichoweza kuwa kibovu, na kungoja lizime tena.

Nilibadilisha platini, nikasafisha plagi kwa brashi ya waya, nikapima upenyo wake kwa kipande cha wembe. Nilifungua kabureta juu ya meza ya kulia, juu ya gazeti, nikapuliza jeti moja moja. Niliondoa pampu ya petroli, ile yenye kikombe cha kioo chini yake, nikaangalia ngozi yake ya ndani kwa jua. Ilikuwa nzima. Nilipuliza bomba lote kutoka tenki hadi pampu na hewa ikapita. Maji kwenye petroli niliyaondoa kwenye hesabu mapema, maana mvua isingeweza kuingia kwenye tenki langu. Kifuniko cha asili kiliibwa Arusha kwenye foleni ya petroli, miezi mitatu kabla ya safari ile, nikachonga kingine mimi mwenyewe kwa mti mgumu uitwao loliondo, nikakivisha mpira wa tyubu na kukipaka nta ya nyuki pembeni. Kilikaa mdomoni mwa tenki kama kizibo cha chupa. Fundi alikuwa amekisifu zamani, akasema niwachongee na wengine.

Mke wangu alikuwa akipita na ndoo, akasimama kidogo kuangalia vipande kwenye meza.

"Umeona?"

"Bado."

Akapita.

Nilienda safari kumi na moja. Niliandika kwenye daftari saa ya kuondoka, hali ya hewa, kilomita, na petroli iliyokuwamo, ambayo niliipima kwa fimbo yenye alama. Safari tano zilikuwa za kushuka Karatu, nne za kupanda geti la Ngorongoro kupeleka viazi kwa wafanyakazi wa huko juu, mbili za kuzunguka tu. Gari halikuzima hata mara moja. Kila niliporudi mke wangu hakuuliza. Alisikia injini ikiingia uani bila kuchelewa, akajua. Kwangu safari njema ilikuwa safari iliyoshindwa. Kwake ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila safari njema ilishuhudia dhidi yake.

Baada ya safari ya kumi na moja nilikaa na daftari nikaona nilichokosea. Nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye gari zima. Nilipaswa kuitafuta siku ile. Basi nikaandika ilikuwa na nini: mvua, baridi, mteremko, mtu amelala nyuma, godoro, tenki limejaa. Nikaanza kuvirudisha kimoja kimoja. Nilishuka siku ya mvua, gari halikuzima. Nilipakia godoro lile lile na juu yake gunia la ngano lisilojaa, uzito wake kwa kukadiria, nikashuka. Halikuzima. Nilipofika Karatu nililitazama lile gunia juu ya godoro, nikageuza gari. Sikuhisi kitu ninachoweza kukitaja. Niliandika tarehe na kilomita.

Ilibaki petroli. Niliiacha mwisho kwa sababu mbili. Sikuwa nayo, na haikuwa na maana yoyote. Gari huzima kwa kukosa petroli. Sikuwahi kusikia gari likizima kwa kuwa nayo.

Wakati wa mavuno wakulima wa ngano tulipewa kibali kikubwa kidogo. Nilijaza tenki hadi mdomoni, nikabana kifuniko, nikashuka peke yangu, bila godoro, bila gunia, siku ya jua. Kilomita ya saba injini ilikohoa mara tatu, ikazima.

Nilikaa na mikono kwenye usukani kwa muda ambao sikuuandika. Kisha nikashuka, nikachomoa waya wa plagi, nikamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi ili anizungushie hendeli ya injini. Alinitambua, akasita, akatazama nyuma kama kuna anayemwona, akaniambia niende mbali na hendeli kwanza ndipo aishike. Nikasogea ubavuni mwa injini, naye akazungusha. Cheche ilikuwepo, ya buluu, nzuri. Nikainama kuangalia kikombe cha kioo chini ya pampu. Kilikuwa kitupu. Tenki lilikuwa na lita arobaini na zaidi, na tone moja halikufika kwenye pampu.

"Limekataa?" mzee aliuliza.

"Limekataa."

"Na leo mama hayumo," akasema. Akachukua mbuzi wake akaenda.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa akipepeta maharage uani. Nilizima injini nikamwambia kutoka pale pale kwenye kiti.

"Limezimika."

Ungo ulisimama. "Nani alikuwemo?"

"Mimi tu."

Aliweka ungo chini, akakaa juu ya gunia. Akasema, "Rudia."

"Kilomita ya saba. Nilikuwa peke yangu."

Jioni ile tulikunywa chai, na vikombe vyetu vilikuwa kwenye sinia moja.

Lakini nilichojua mpaka hapo kilikuwa nusu. Nilijua kwamba si yeye. Sikujua ni nini, na ahadi yangu ilikuwa kujua. Siku mbili baadaye nilijaza tena nilichokuwa nimetumia, nikashuka. Kilomita ya saba na nusu likazima. Nilitaka kuhakikisha kwamba petroli imo kweli, kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine nilienda na fimbo yangu ya kupimia nikashika kifuniko. Siku zote nilikuwa nafungua tenki nyumbani, gari likiwa limelala saa nyingi. Sikuwahi kulifungua barabarani, dakika ile ile.

Kifuniko hakikutoka. Nilikivuta kwa mikono miwili, mguu ukiwa kwenye tairi. Kilipotoka, tenki lilivuta hewa, sauti ndefu ya kuingia ndani, kisha ikaisha. Nikasukuma kwa mkono kijiti cha pampu mara nne. Kikombe kikajaa. Nikawasha. Injini ikawaka mara moja.

Nilielewa pale pale, na sikuhitaji kitabu. Pampu inanyonya petroli kutoka kwenye tenki. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha kiwandani kina tundu dogo ambalo mtu halioni. Changu hakikuwa nalo. Nilikichonga vizuri mno. Tenki likiwa karibu tupu, ndani kuna hewa nyingi ya kutanuka, na pampu haioni tofauti. Tenki likijaa, hewa iliyobaki ni kidogo, hutanuliwa kupita kiasi upesi, na mvuto wake hushinda nguvu ya pampu. Ukitoka juu kwetu kushuka Karatu, hewa ya nje inazidi kuwa nzito na ya ndani imefungiwa nyepesi kama ilivyotoka, na hali huwa mbaya zaidi. Mvua na baridi huiongezea. Ukingoja dakika ishirini, hewa kidogo hupenya kando ya nta, gari likawaka. Kila nilichokifanya kwa ajili ya safari ile, kujaza tenki, kukaza kifuniko kisije kikapitisha mvua, ndicho kilicholizima gari.

Sikusema siku hiyo. Niliendesha kwanza na kifuniko kilicholegea, mara tatu, tenki likiwa limejaa, nikafika Karatu mara zote tatu. Nikakikaza, likazima. Nikakilegeza, likatembea. Petroli ya mavuno iliisha hivyo. Ngano ya mwisho niliipeleka kwa punda wa kaka yangu, waliofungwa kwenye mti mpakani na kuachwa hapo ili nisikutane na mtu. Siku tano zilipita, na mke wangu alikuwa akinitazama mikono tena.

Katika safari ya mwisho ya majaribio hayo nilisimama ng'ambo ya mtaro wa fundi nikamwambia. Alicheka kwanza, hakuweza kujizuia.

"Yaani, mwalimu, gari lako likishiba linalala. Kama mjumbe wa kikao."

Kisha akaona sicheki. Akavuka mtaro mwenyewe, akaja karibu na dirisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Na mama umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie ni pampu."

"Si pampu."

"Najua si pampu. Sikiliza, mwalimu. Pampu haina mwenyewe. Iliharibika, basi, vyuma huharibika. Mama atalala, wewe utalala. Kifuniko kina mwenyewe."

Nilimshukuru. Njiani niliifikiria ile pampu. Ilikuwa uongo mzuri, na ungetosha: ungemwondolea yeye lawama vilevile. Nilijaribu kuusema kwa sauti ndani ya gari ili nione unakaaje. Ulikaa vizuri. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Aliniambia nitafute, nami nikatafuta miezi mitano, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa nilichokipata.

Nilimkuta jikoni. Nilichukua kifuniko, nikakiweka mezani mbele yake.

"Ni hiki," nikasema.

Hakukigusa. "Kina nini?"

"Hakina tundu. Petroli haitoki kama hewa haiingii. Nilikibana mno."

Alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akashusha debe la mafuta ya kupikia lililokuwa karibu kuisha, akaliweka kando ya kifuniko. Juu yake kulikuwa na matundu mawili ya msumari, moja kila pembe.

"Debe hutobolewa mara mbili," akasema. "Tundu moja la mafuta, moja la hewa. Binti zako wanajua. Nilijua nikiwa mdogo kuliko wao."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

Miezi mitatu kifuniko kile kilikuwa machoni pake kila Jumapili tukienda kanisani, na kila aliyekiona alikisifu. Sikumwuliza kwa kuwa kilikuwa kitu cha gari.

Alikaa. Nilingoja aseme lolote, hata lile ambalo nilidhani lazima litakuja. Aliuliza, "Una hakika?"

"Mara tatu likizima, mara nne likitembea. Nimeandika."

"Basi ni wewe."

"Ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha nafaka. Akalirudisha debe kwenye rafu. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Nenda ukamwambie mama yako."

"Kesho."

"Sasa. Na useme kama ulivyoniambia mimi. Usiseme gari liliharibika."

Nilivuka bonde kwa miguu. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwa kaka yangu, anachambua mboga. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba, hatua kama thelathini, nikamwita. Tulizungumza Kiiraqw, na kwa sauti kubwa, kwa sababu ya umbali. Mke wa kaka na majirani wawili waliokuwa wakipalilia walinyoosha migongo wakasikiliza.

"Mama, nimejua gari lilizimika kwa nini."

"Tunajua sote, mwanangu."

"Hamjui. Nilichonga kifuniko cha tenki nikakosa kukitoboa. Petroli ikakwama. Nimelijaribu bila mke wangu, peke yangu, likazima vilevile. Nimekilegeza, halizimi. Yeye hakubeba kitu. Ni kazi ya mikono yangu."

Mmoja wa majirani alisema kitu chini chini, na mwingine akamnyamazisha. Mama aliweka mboga chini, akanyanyuka, akashika nguzo ya mlango.

"Usiseme hivyo mbele za watu."

"Nimeshasema."

"Mwanamume hajisemei hivyo. Gari ni chuma. Chuma huharibika."

"Hakikuharibika, mama. Kilifanya nilivyokitengeneza."

Alikuwa mzee, na nadhani alikuwa akitafuta mahali pengine pa kuliweka jambo lile, akakuta kila mahali pana mtu wake.

"Basi mwenzako usimwambie," akasema mwishowe. "Mwache aamini mengine."

"Ndiye aliyenituma."

Mama hakukaa tena, wala hakuingia ndani. Niliaga kwa desturi, naye akaitikia. Niligeuka nikashuka bondeni, nikapanda upande wetu. Jembe halikusikika nyuma yangu mpaka nilipokaribia uzio wetu.

Mke wangu alikuwa ameketi uani, anapukuchua mahindi kwenye kapu. Nilimsimulia yote, neno kwa neno, pamoja na lile la mwisho la mama. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Uliposema ni wewe, alikuwa amekaa au amesimama?"

"Alisimama."

"Mpaka ulipoondoka?"

"Mpaka nilipoondoka."

"Basi amesikia," akasema. Alimaliza hindi alilokuwa nalo, akatupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi lingine. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, nami nikakaa, nikachukua hindi.